Ule ubao ulioning'inia msumarini ndio gitaa lako

Mwezi Juni tulipokea ujumbe wa sauti wa dakika 4 kutoka kwa mteja aliyetoa malipo ya awali ya gitaa mwezi Machi. Siku hiyo alikuwa amepita karakana yetu ya kutengeneza magitaa ya umeme hapa Keko, Dar es Salaam, bila taarifa, tukamkaribisha, akaomba kuona gitaa lake limefikia wapi. Tukamwonyesha. Ubao wa mwili ulikuwa umelazwa rafuni, jina lake limeandikwa pembeni kwa penseli. Shingo ilikuwa imekatwa umbo la awali tu, bado ina kona nne, imening'inia msumarini kwa kipande cha kamba. Akashukuru, akaondoka. Alipofika nyumbani ndipo akarekodi: "Fundi, miezi mitatu na gitaa langu bado ni mbao. Hela yangu mmeila." Maneno hayo hayo akayapeleka kwenye grupu la wapiga magitaa, na humo wamo wateja wetu wengi.

Kesho yake tulimrudishia hela yote, Sh 1,120,000, bila kukata hata gharama ya mbao. Sitaki kushika hela ya mtu anayelala akiamini nimemwibia. Ila si yeye wa kwanza kusema hivyo. Mwaka hauishi bila watu watatu wanne kuuliza swali hilo kwa ukali au kwa upole: kwa nini miezi 5, kwa nini Sh milioni 2 na laki 8, na kwa nini kila wakipita wanakuta kitu kimening'inia na fundi anashughulika na gitaa la mtu mwingine.

Basi naandika mara moja, ili atakayeuliza tena nimtumie hapa.

Kile kuning'inia ndiyo kazi yenyewe. Mbao hainyamazi kwa sababu mti umekatwa. Inakunywa unyevu wa hewa na kuutoa, inavimba na kusinyaa, na kila ukiondoa nyama upande mmoja, nguvu iliyokuwa imejifungia ndani inafunguka na ubao unajipinda kutafuta mkao mpya. Seremala yeyote wa Keko anaijua hali hii: umepasua ubao ulionyooka kabisa, ukauacha usiku mmoja, asubuhi unaukuta umegeuka upinde. Kwenye mlango si tatizo kubwa, masika ukigoma unapitisha randa na maisha yanaendelea. Kwenye shingo ya gitaa huna nafasi hiyo. Nyuzi 6 za seti ya namba 10 zikishatuniwa zinaivuta shingo kwa nguvu ya karibu kilo 45, kama mfuko wa saruji uliopungua kidogo, usiku na mchana, hata gitaa likiwa kwenye begi. Na uzi unapita juu ya freti ya 12 (freti ni vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo) kwa nafasi ya milimita 1 na nusu hivi. Shingo ikisogea nusu milimita tu, mkono wako utajua kabla ya macho.

Kwa hiyo tunakata kwa unene wa kubakiza, tunaning'iniza wiki 3 au 4, tunapiga randa, tunaning'iniza tena, tunabandika ubao wa freti, tunaning'iniza tena. Shingo inayotaka kupinda tunaipa nafasi ipinde pale msumarini, isije kupinda mikononi mwako katikati ya onyesho. Kila mwaka zipo shingo zinazokataa kabisa kutulia. Zile zinakuwa vipini vya patasi au kuni za chai, na mteja hazilipii. Hasara hiyo imo ndani ya bei ya zile zilizofaulu.

Halafu kuna hewa ya pwani. Mbao ikikaa wazi Dar es Salaam, hata miaka 10, haishuki sana chini ya asilimia 14 ya unyevu, kwa sababu hewa yenyewe imejaa maji. Ukitengeneza gitaa kwa mbao hiyo na mwenyewe akahamia Dodoma au Arusha, kiangazi kikifika ubao unasinyaa lakini freti, kwa kuwa ni chuma, hazisinyai. Ncha za freti zinachomoza pembeni ya shingo na kukwangua kiganja kama msumeno. Mteja atasema tumeuza mbao mbichi, na atakuwa na haki. Ndiyo maana tuna kile chumba kidogo cha nyuma chenye mashine ya kunyonya unyevu, kinachoishusha mbao hadi asilimia 9 au 10. Mashine ile haizimwi. LUKU ya chumba kile peke yake kwa mwezi inazidi kodi niliyokuwa nalipa nilipoanza kazi kwenye kibanda. Matanuri ya kukaushia mbao yapo, lakini yanapokea mizigo mikubwa na yanakausha kwa kiwango cha samani. Nimejaribu mara mbili, mara zote mbili nikarudishiwa mbao kavu juu, mbichi katikati, yenye nyufa za ndani usizoziona mpaka umeshakata.

Wateja waliosoma sana huniambia, "Lakini fundi, Fender wanatoa magitaa kila siku." Ni kweli. Mwanzilishi wa kampuni hiyo ya Marekani, aliyeitwa Leo Fender, alikuwa fundi redio wa Fullerton, California, gitaa lenyewe hakuwa mpigaji, na gitaa alilolitoa mwaka 1950 alilibuni tangu mwanzo litengenezwe kiwandani: mwili bapa, shingo inayofungwa kwa skrubu 4, ikiharibika unafungua na kufunga nyingine. Ni ubunifu ninaoustahi kuliko wowote, na hata mimi shingo nyingi nafunga kwa skrubu 4. Lakini kiwanda kinanunua mbao iliyokwisha kaushwa na kupangwa kwa madaraja, na shingo zinazokataa zinatupwa katikati ya maelfu ya nzima bila mtu kusikia uchungu. Mimi nina shingo yako moja.

Njia ya mkato ninayoombwa kila siku ni hii: "Fundi, nifungie tu hivyo hivyo, nina shoo." Mara moja nilikubali, na kosa ni langu kuliko la aliyeomba. Alikuwa mzee mpiga solo wa bendi ya dansi, mtu niliyekuwa namsikiliza tangu mtoto, na mtu wa namna hiyo akikushika mkono akakuambia "mwanangu, nina safari ya mikoani, nisaidie" huna ubavu wa kukataa. Nilimkabidhi wiki ya 7. Lilikuwa gitaa zuri siku ile. Baada ya miezi 4 akalirudisha: kuanzia freti ya 9 kwenda juu uzi wa pili unakwama, unalia kama nyuki ndani ya kopo. Nilipoangalia shingo kutoka kichwani kwenda kwenye brigi, pale nyuzi zinapokaa mwilini, ilikuwa imejisokota, upande wa nyuzi za besi umekwenda zake na upande wa nyuzi nyembamba umekwenda zake. Ile fimbo ya chuma iliyomo ndani ya shingo, trasirodi, inanyoosha upinde lakini msokoto haiuwezi. Ilibidi ning'oe freti zote 22, nipige randa ubao wa freti mpaka uwe sawa, nipige freti mpya. Kazi ya Sh 380,000. Tuligawana nusu kwa nusu, na mzee akapiga gitaa la kuazima wiki 5. Tangu hapo simkabidhi mtu gitaa kabla ya muda, hata aje na barua ya ndoa.

Na tatizo likianzia freti ya 9 kwenda juu, kwetu huku ndipo penye maisha ya gitaa. Magitaa mengi ya karakana za kifahari tunayoyaona kwenye video, yale ya mafundi wa California na kwingineko kama Suhr na Tom Anderson, ambayo bei yake ni maelfu ya dola, yanasifiwa kwa sauti ya roki, yenye mkwaruzo mzito. Mkwaruzo una huruma, unafunika mambo. Mpiga solo wetu anapiga sauti safi. Sebene likianza anapanda freti ya 10 hadi ya 17 na anakaa huko dakika 12, noti moja moja, mwenzake wa rithimu anamjibu, na hakuna pa kujificha. Kosa la milimita 1 katika kupanga freti, likitokea kwenye freti ya 1, sikio linalisamehe. Kosa hilo hilo likitokea kwenye freti ya 17 linasikika mara 2 na nusu zaidi, kwa sababu uzi uliobaki ni mfupi. Kwenye shingo yenye urefu wa uzi wa milimita 648, freti ya 1 inakaa milimita 36.37 kutoka kwenye nati, kile kipande chenye mifereji ya nyuzi mwanzoni mwa shingo. Unagawa 648 kwa 17.817, unapata umbali huo, unaondoa, unagawa tena kilichobaki, hivyo hivyo mpaka freti ya 22, na ya 12 lazima iangukie milimita 324 kamili, nusu ya njia. Ukisikiliza kanda za Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, au solo za Dokta Nico Kasanda wa Kongo, utaelewa kwa nini nashinda siku nzima na msumeno wenye unene wa milimita 0.6 nikikata mifereji 22. Wale walikuwa wanaimba kwa vidole. Gitaa lisilo sawa huko juu lingewaaibisha.

Sasa mpingo, maana hapa sitamaliza haraka.

Ubao wa freti wa magitaa yetu karibu yote ni mpingo. Tumezoea kuuona kwenye vinyago vya Wamakonde pale Mwenge mpaka tunausahau, lakini wenzetu Ulaya wanautengenezea klarineti na zumari za okestra, na wanausubiri kutoka Tanzania na Msumbiji. Ni mzito kuliko maji, ukiutumbukiza unazama. Hauhitaji vanishi, ukipiga msasa laini unang'aa wenyewe kama jiwe la mtoni. Kidole kinateleza juu yake, na noti inatoka na ukali fulani mwanzoni, kama mtu anayetamka konsonanti vizuri. Kila anayeshika shingo ya mpingo mara ya kwanza anainamisha kichwa, anapiga noti moja, anakaa kimya. Nimeona hivyo mara nyingi na bado nafurahi kila mara.

Lakini ni mti mgumu kuishi nao. Unachukua zaidi ya miaka 70 kufikia kuvunwa, na umepindapinda, una mafundo na matundu. Mimi nahitaji kipande kilichonyooka cha sentimita 50 kwa 6, kisicho na ufa. Katika rundo zima la mabaki nachagua vipande vichache. Kila kipande kinapakwa nta miishoni ili kisipasuke, kinaandikwa mwezi na mwaka, kinawekwa. Vile ninavyotumia mwaka huu niliviweka muda mrefu kabla mteja hajajua kama atataka gitaa. Blade zinaisha makali, vumbi lake linawasha macho na koo, hatuukati bila barakoa. Na mfereji wa freti ukiwa mwembamba kidogo kuliko inavyotakiwa, freti 22 zinageuka kabari 22 zilizopigwa kwenye kuni, shingo yote inapinda kwenda nyuma. Kwenye mbao laini mfereji unakubali. Mpingo haukubali.

Tunanunua kwa wenye vibali tu, mzigo una hati ya kusafirisha mazao ya misitu. Wapo wanaoniletea magogo usiku kwa nusu bei, nawarudisha. Kuhusu wateja walioko nje, wa Muscat na wa Ujerumani wanaouliza kama gitaa litashikwa uwanja wa ndege: mpingo ni wa ukoo wa Dalbergia, na ukoo huo wote uliingia Januari 2017 kwenye udhibiti wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini. Kipindi kile hata viwanda vikubwa vilibabaika, Fender waliacha rozwudi, mbao ya ukoo huo huo, kwenye magitaa yao mengi ya Mexico na kuhamia mbao nyingine. Mwishoni mwa mwaka 2019 kanuni zililegezwa kwa ala za muziki zilizokwisha tengenezwa. Gitaa lililokamilika halihitaji tena kibali kile. Gogo au ubao mbichi bado unahitaji, kwa hiyo usiniombe nikutumie "kipande tu cha mpingo" ndani ya sanduku.

Nirudi kwenye bei. "Nimeona kama hilo Kariakoo kwa laki 3 na nusu." Ndugu yangu, umeona kitu chenye umbo hilo, na sikulaumu, kwa mbali yanafanana. Wala sitakuambia gitaa la laki 3 na nusu ni baya. Shingo yake imekatwa na mashine isiyokosea, na kwa anayejifunza namwambia anunue hilo, alilete hapa, kwa Sh 60,000 tunasawazisha freti, tunachonga nati ya mfupa wa ng'ombe badala ya ile ya plastiki, tunaweka nyuzi na kupanga urefu. Atapiga miaka. Kuna kanisa moja lililonunua magitaa 3 kwa miaka 2, kila moja likitupwa stoo kwa kuwa "halishiki tuni". Mwalimu wa kwaya alipotuletea yote matatu, ugonjwa ulikuwa mmoja: mifereji ya nati imebana uzi, ukivuta unakwama, ukiachia haurudi. Kazi ya nusu siku. Sasa wana magitaa 3 mazima na mpigaji 1.

Gitaa letu la Sh 2,800,000 hesabu yake ni hii. Funguo, brigi, freti, trasirodi na jeki vinatoka nje, na usafiri na ushuru vinafika karibu Sh 700,000. Mbao, pamoja na zile zilizogeuka kuni, Sh 250,000. Waya, sumaku, swichi na vidhibiti vya sauti Sh 180,000. Gundi, msasa, rangi na klia (vanishi isiyo na rangi) Sh 120,000. Inabaki Sh 1,550,000, na humo mna saa zipatazo 90 za kazi ya mkono, kodi ya karakana, umeme wa chumba, na posho ya vijana wangu wawili. Anayeona hapo tunakula faida nono, aje akae na mimi siku moja ya kusawazisha freti kwa filagegi, vile vipimo vya chuma vyembamba kama karatasi.

Wengine huja na hoja ya Brian May, mpiga gitaa wa bendi ya Queen ya Uingereza, na ni hoja ninayoipenda, kwa sababu mwimbaji aliyesimama mbele ya gitaa lile alizaliwa Zanzibar, Freddie Mercury, mwaka 1946. "Mbona Brian May alijitengenezea gitaa na baba yake nyumbani, kwa mbao ya kuokota?" Alijitengenezea kweli. Walianza mwaka 1963. Shingo ilitoka kwenye mbao kuukuu ya mahali pa kuotea moto, springi za mkono wa kutikisia zilikuwa za injini ya pikipiki, na vidoti vya shingoni ni vifungo vya lulu kutoka kisanduku cha kushonea cha mama yake. Lakini wanaonisimulia hivyo wanaruka mambo mawili. Kazi ile ilichukua takriban miaka 2, ya kijana mwenye akili ya fizikia na baba ambaye alikuwa mhandisi wa elektroniki. Na ile mbao ya mahali pa moto ilikuwa na umri mkubwa kuliko wao wote, imekaukia pale pale vizazi na vizazi. Hakuna chumba changu cha nyuma kinachoweza kushindana na hiyo. Hata pikapu, zile sumaku zilizosukwa waya zinazodaka sauti ya nyuzi, alijaribu kuzisuka mwenyewe, hakuridhika nazo, akaishia kufunga za kampuni ya Burns.

Ndiyo maana mteja akija na mbao yake siikatai mpaka niipime. Kaka mmoja wa Tabora alileta ubao wa mninga aliochana wiki iliyopita shambani kwao, bado unanukia, kipima unyevu kikaonyesha asilimia 38. Alitaka gitaa kabla ya Pasaka. Nilimwambia hiyo ni Pasaka ya mwaka kesho kutwa, akaenda kwa seremala mwingine, akatengenezewa mwili, akaniletea nifunge shingo. Tundu la shingo lilikuwa limeshajiachia milimita 2, unaweza kupitisha sarafu. Sikufunga. Dada mmoja naye alileta ubao wa kichwani wa kitanda cha marehemu babu yake, mninga vilevile, umekaa chumbani zaidi ya miaka 40. Mninga ukishakauka vizuri hausinyai sana, ndiyo sifa yake kubwa, na ule ulikuwa umetulia kama mzee barazani. Gitaa lile lilitoka na uzito wa kilo 3.3, na nyuma tuliacha alama mbili za misumari ya kitanda kama zilivyokuwa, yeye mwenyewe aliomba tusizizibe. Anapiga jioni nyumbani tu, hajawahi kupanda jukwaani. Nadhani ndilo gitaa bora tulilowahi kutoa hapa.

Matengenezo ya nyumbani nayo yanatuletea kazi nyingi kuliko ningependa. Uzi ukikwaruza freti, mtu anatafuta elenki na kukaza trasirodi kwa sababu video ilisema. Zungusha robo ya mzunguko tu, subiri siku nzima, angalia. Ukizungusha mizunguko 2 kwa hasira, inakatika ndani, na kuitoa lazima tubandue ubao wa freti kwa pasi ya moto, kazi isiyopungua Sh 450,000, na kwenye magitaa mengi ya dukani inazidi bei ya gitaa. Freti iliyochomoza usiipige gundi ya haraka, gundi ile inaingia kwenye vinyweleo vya mbao na siku ya kuing'oa inatoka na vipande vya ubao. Jasho lifute kila ukimaliza kupiga, hasa kumbi za Dar bila feni, maana uzi mpya unashika kutu kwa wiki 2. Wenye jasho kali tunawashauri freti za chuma kisichoshika kutu, tunaongeza Sh 150,000.

Kuhusu mvumo, ule "vuuuum" unaosikika ukishika gitaa na kunyamaza ukigusa nyuzi: wakati mwingine si gitaa peke yake, ni ukumbi pia usio na waya wa ardhi. Pikapu ya koili moja ina mizunguko kama 8,000 ya waya wa milimita 0.063, mwembamba kuliko unywele wa wengi wetu, na koili ya namna hiyo inadaka mvumo wa umeme kama antena. Sisi tunasuka zetu wenyewe na tunaweka bati la shaba ndani ya tundu lote. Inapunguza sana. Anayepiga kumbi mbovu kila wiki achukue koili mbili, ndiyo tiba iliyokuwepo tangu miaka ya 1950.

Tulichobadilisha baada ya ule ujumbe wa dakika 4 ni hiki. Kila mteja sasa anapata picha kila Ijumaa ya pili, hata kama shingo haijasogea, pamoja na namba ya unyevu na kipimo cha upinde vimeandikwa kwa chaki ubaoni kwake. Tulipaswa kufanya hivyo tangu mwanzo. Mtu ametoa zaidi ya milioni moja, ana haki ya kujua ubao wake unafanya nini pale msumarini, na sisi kwa kuizoea kazi tulidhani kila mtu anaona tunachokiona. Malipo ya awali yanabaki asilimia 40, na yanarudishwa yote mpaka siku tunayobandika mpingo. Baada ya hapo nusu. Karakana iko wazi Jumatatu hadi Jumamosi, saa 3 asubuhi hadi saa 11 jioni, piga simu kwanza kwa sababu siku za kupuliza klia hatufungui mlango.

Shingo ya yule kaka wa Machi bado ipo. Sijafuta jina. Iko msumari wa tatu kutoka dirishani, imeshapigwa randa ya pili, na Jumamosi niliipima kwa rula ya chuma: haijasogea hata unene wa karatasi tangu Julai. Ni shingo nzuri mno. Nitaiacha pale mpaka mwisho wa mwaka kabla sijampa mtu mwingine.